Far Cry ya kwanza, ya pili au ya tatu? Kwa mwenye PS3 moja na umeme wa kukatika

Mdogo wangu wa Mafinga, mtoto wa baba mdogo, kanunua PS3, ile mashine ya gemu ya Sony, ya mtumba na pedi mbili, juzi usiku kanipigia, "kaka shikamoo, hivi hizi Far Cry nianze na ipi, maana kuna mtu ananiambia ya tatu ndo baba lao, mwingine ananiambia anza na ya kwanza la sivyo stori hutaielewa." Nikamwambia marahaba, nipe siku mbili nikuandikie, hili siwezi kulijibu kwa simu. Far Cry ni gemu za risasi, na nimezicheza kuanzia niko sekondari hapa Mbeya, nimebishana kwa ajili yake mpaka banda la gemu limefungwa tukaendelea kubishana barabarani pale Mwanjelwa, kwa hiyo naandika kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye swali kama lake.

Kwanza hilo la stori tulimalize. Far Cry haziungani kama tamthilia. Ya kwanza ya 2004 jamaa ni Jack Carver na yuko visiwani Pasifiki, ya pili ya 2008 uko kwenye nchi ya Afrika ya kubuni isiyotajwa jina, ya tatu ya 2012 ni kijana wa Kimarekani anaitwa Jason Brody kwenye visiwa vya Rook, ya nne ya 2014 ni Ajay Ghale kwenye nchi ya milimani inaitwa Kyrat, nayo ya kubuni. Mtu mpya, nchi mpya, adui mpya kila mara. Kinachorithiwa ni lile wazo la eneo wazi unaloingia kwa njia unayotaka wewe. Kwa hiyo hakuna cha "utapotea", anza popote.

Msimamo wangu nausema mapema. Ya pili ndo bora kuliko zote, na bado sikushauri uanze nayo. Anza na ya tatu. Ya kwanza itafute siku ukipata hata laptopu ya zamani, maana kuna kitu mle ndani ambacho wenzake wote wamekirithi na hakuna aliyekifikia.

Nianze na hicho kitu. Far Cry ya kwanza ilitengenezwa na Crytek, kampuni ya Ujerumani, Ubisoft wakaisambaza. Unaanzia kwenye mashimo na mahandaki, giza, maji, boti yako imelipuliwa, umevaa shati jekundu la maua na kuna mtu anakuelekeza kwa simu, unasema sawa, ni gemu la risasi kama mengine, vichochoro tu. Halafu unatoka nje. Aisee. Bahari ile pale, mwanga, minazi, kambi ya adui kule ng'ambo na unaona mtu mmojammoja anatembea, na sio picha imebandikwa, ukiamua kwenda unaenda. Mwaka 2004 gemu nyingi za risasi zilikuwa zinakupitisha koridoni, hii inakusimamisha juu ya kilima inakuonyesha kila kitu halafu inakaa kimya.

Mimi nilielewa haraka kwa sababu ya huku kwetu. Ukipanda Loleza asubuhi ukageuka nyuma unaiona Mbeya nzima imelala chini, unachagua njia kwa macho kabla ya miguu. Far Cry ya kwanza ni hivyo hivyo. Una darubini ambayo ukimwangalia adui anaingia kwenye rada yako, na darubini hiyo hiyo inanasa maongezi yao kutoka mbali, unasikia wanachoongea wakiwa hawajui kama upo. Unaweza kulala kabisa kwenye nyasi. Unaweza kurusha jiwe upande ule wakageuka wewe ukapita upande huu. Na wao wana akili, wakikuona hawakujii kwa mstari, wanazunguka, wanapiga fataki ya kuita wenzao, mara helikopta hiyo. Nilikuwa natumia dakika ishirini kuangalia kambi moja na dakika tatu kuipiga, na zile ishirini ndo zilikuwa tamu.

Tatizo lake linakuja kadri unavyoenda. Kuna viumbe wanaitwa Trigen, wametengenezwa maabara na daktari mmoja anaitwa Krieger, wakishaanza kutawala gemu yote ile darubini na mipango na nyasi vinapungua thamani, maana jitu linaruka kama nyani, pigo mbili tu umekufa, na wengine wana roketi mkononi. Unarudishwa ndani ya majengo. Hatua ziko 20 na zile za mwisho, hasa ya volkano, ni ngumu kwa namna isiyo ya haki, sio ugumu wa kukufundisha kitu. Halafu kusevu ni kwa chekipointi tu, yaani sehemu gemu yenyewe imepanga, huchagui wewe. Nilikuwa nacheza kwenye kompyuta ya intaneti kafe, nimetambaa porini nusu saa nzima sijafika chekipointi, umeme ukakatika, nikaambiwa muda wangu umeisha. Nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani mpaka Sae nina hasira ya kutosha, na kesho yake nilirudi tena.

Sasa ya pili, na hapa naomba uvumilivu maana nina mengi.

Ya pili hawakutengeneza Crytek, walitengeneza Ubisoft wenyewe kule Montreal, Kanada, chini ya Clint Hocking. Injini waliyoitumia, yaani ile programu inayoendesha gemu yenyewe, wameipa jina la Dunia. Neno letu hilo, ingawa Waarabu nao wanalo, na mara ya kwanza nilipoliona nilijisikia vizuri mno, na mpaka ya sita bado injini inaitwa Dunia. Kwenye ya pili hilo jina limestahili. Kuna nyasi ndefu za kahawia, migunga, vumbi jekundu, jua linaloshuka haraka, ukitoka huku juu kwenye baridi ukapita Chimala ukafika Igawa ukaangalia upande wa Usangu, ndo picha yenyewe. Sijawahi kucheza gemu nyingine nikaona ardhi ninayoijua.

Unaanza nyuma ya teksi, dereva anaongea, unapita vizuizi vya barabarani, watu wanakimbia nchi. Umetumwa kumuua mtu mmoja anaitwa Jackal, ambaye anawauzia silaha pande zote mbili za vita, UFLL na APR. Kabla hujafanya lolote unaugua malaria. Unazinduka kitandani hotelini na huyo Jackal mwenyewe yuko chumbani, karatasi zako za kazi kashazisoma, na anakuacha hai. Huo mwanzo mpaka leo hawajaufikia, hata kwenye ya tatu inayosifiwa.

Kinachoitofautisha ya pili na wenzake wote ni kwamba haikutoi ndani ya ile dunia yake. Ramani sio menyu, ramani ni karatasi unaishika mkononi, na ukiishika unaendesha gari huku unaiangalia basi utagonga mti au utapigwa risasi, muda hausimami. Gari likiharibika unashuka, unafungua boneti, unakaza na spana huku risasi zinalia. Ukiumia sana unajitoa risasi mwenyewe na koleo, unaona kabisa. Bunduki ukiokota kwa adui ni ya kutu, itakwama katikati ya vita, na ukiing'ang'ania inaweza kukulipukia mkononi, ila ukinunua mpya kwa almasi, maana hela ya kule ni almasi, ghala linakupa nyingine kila ukirudi. Hiyo inabadilisha kichwa chako. Kwenye gemu nyingine unawaza nina risasi ngapi, hapa unawaza hii bunduki ina umri gani.

Halafu moto. Nyie wa kusini mnajua mwezi wa tisa na wa kumi watu wakichoma mashamba, usiku ukiangalia milimani unaona mistari myekundu inatembea, na kila mtoto wa kijijini anajua huwashi moto upepo ukiwa unakuja kwako. Far Cry 2 inajua hivyo. Nyasi kavu zinawaka, upepo unaupeleka, moto unageuka, unafika kwenye mitungi, unalipuka. Niliwahi kuwasha nyasi kuwafukuza walinzi wa kizuizi kimoja, upepo ukanigeukia, nikakimbilia mtoni. Mtu ambaye hajawahi kuona shamba likichomwa atajifunza humo kwa uchungu, wewe wa Mafinga utakuwa umeshaelewa kabla hujashika pedi, na kwenye misitu yenu ya misonobari moto sio mchezo kabisa.

Na marafiki. Unakutana na mamluki wenzako, mmoja wao ukiishiwa nguvu anatokea, anakuburuta, anakupa bastola, mnapigana pamoja. Kwangu alikuwa Paul Ferenc. Kuna siku yeye ndo kaanguka, unamfuata umempiga sindano haijatosha, nyingine haijatosha, anakuangalia. Akifa kafa, harudi tena mpaka mwisho wa gemu. Sikucheza tena siku hiyo, nilizima nikatoka nje.

Sasa makosa yake, na sitayaficha kwa sababu naipenda. Kosa kubwa ni vile vizuizi vya barabarani. Umepiga watu sita, umemaliza risasi, umeenda misheni yako mbele kidogo, unarudi unakuta kizuizi kimejaa tena kana kwamba hukuwahi kupita. Kila barabara, kila njia panda. Ramani ni kama kilomita za mraba 50, kwa hiyo unaendesha sana, na kila dakika chache gari linakufukuza. Watu wengi waliiacha hapo na siwalaumu. Nikuambie mapema cha kufanya, tumia mito, chukua boti, walinzi wa majini ni wachache, halafu kuna stendi za basi kabisa, moja kila kona ya ramani na moja katikati, unapanda kona hii unashuka kona ile. Na nyumba za kujificha zina kitanda, unaweka saa unalala mpaka usiku ndo unaenda kupiga kazi, usiku ni rahisi kunyata.

Kosa la pili ni la aina nyingine na nafikiri ni sisi huku ndo tunaliona zaidi. Ile nchi haina watu. Ina wanajeshi na mamluki na waandishi wa habari na padri, lakini haina soko, haina mama anayeuza ndizi, haina mtoto wa shule, haina redio inayolia dukani. Raia wameshakimbia au wamejificha chini, na unawafikia tu pale unapotaka vidonge vya malaria, unawapelekea hati za kusafiria wao wanakupa dawa. Wanyama wapo, pundamilia, nyumbu, swala, nyati, ila simba hayupo. Kuhusu malaria yenyewe, nimeugua Kyela kwa bibi nikiwa mdogo, na naijua, sio skrini inakuwa ya njano sekunde kumi unameza kidonge unaendelea kukimbia, ni kulala siku tatu mifupa inauma unatetemeka na jua linawaka. Lakini hata hivyo ni gemu ya kwanza niliyoona inamfanya komando amtegemee raia mnyonge kwa sababu ya dawa, na hilo nimelikumbuka miaka yote.

Tuje ya tatu. Ya tatu wamekaa chini wakasoma malalamiko yote ya ya pili wakayarekebisha moja moja, na kwa kuyarekebisha wakapoteza vitu pia. Vizuizi vinavyojaa upya, hamna, sasa kuna vituo 34 vya adui, ukikiteka kimekuwa cha kwako, bendera inabadilika, watu wako wanakaa pale. Hiyo raha ya kuona ramani inabadilika rangi kwa kazi yako ni kubwa mno, nimewahi kukaa mpaka kunakucha nikisema kimoja tu, kimoja tu. Bunduki hazikwami. Ramani ni menyu, na ramani ndogo ipo pembeni ya skrini muda wote. Minara ya redio 18, unapanda juu, unafungua eneo, unapewa na silaha bure madukani. Na wazo la darubini la ya kwanza wamelirudisha kwa kamera, unawapiga picha maadui kutoka kilimani unawaona hata wakiwa nyuma ya ukuta, ambapo ya pili haikukupa hivyo, ilikuacha na macho yako.

Kuwinda ndo kitu kipya. Unawinda nguruwe, paa, chui, papa, unachuna ngozi unashona pochi, mfuko wa risasi, mkanda wa kubeba bunduki ya pili. Kuna vituo vina chuimilia ndani ya kizimba, ukipiga kufuli kwa mbali na snaipa anatoka anafanya kazi yote wewe umekaa kichakani. Kwa mtu mgeni hii gemu inakushika mkono vizuri, kila nusu saa inakupa kitu.

Na Vaas, adui wa ya tatu. Adui wa ya kwanza, Krieger, simkumbuki hata sura. Jackal wa ya pili ni mtu wa kufikiria, unamsikia kwenye kanda za mahojiano ulizookota, anatisha kwa maneno yake. Vaas anatisha kwa sababu hujui dakika inayofuata atacheka au atakupiga. Michael Mando ndo aliyemwigiza, sauti na mwili, na akitokea kwenye skrini banda zima lilikuwa linanyamaza, watu wanaacha hata kudaiana. Ila nikwambie ukweli, nusu ya pili ya stori inapoa, sitasema kwa nini, utaona mwenyewe ukifika kisiwa cha kusini. Na Jason mwenyewe mwanzoni nilimkubali, kijana muoga mikono inatetemeka baada ya kuua mtu wa kwanza, halafu ndani ya saa moja anachinja kituo kizima bila kufikiri. Ya pili haikufanya hivyo, ya pili kutoka mwanzo inakuchukulia kuwa wewe ni mtu mbaya umekuja nchi ya watu kutafuta hela, na inakukumbusha hilo mpaka dakika ya mwisho.

Tofauti yenyewe naiona hivi. Ya kwanza inakupa umbali, unaona kwanza. Ya pili inakuondolea usalama, huwezi kusema "subiri nifungue menyu". Ya tatu inakupa zawadi, kila ukigeuka kuna alama kwenye ramani inayokuita. Nilipoimaliza ya tatu nilikuwa nimefungua kila kitu na sikumbuki kituo kimoja kwa jina. Ya pili nilimaliza nusu tu ya vitu vya pembeni, lakini naweza kukuchorea barabara kutoka mji wa Pala mpaka ziwani kwa mkono.

Ya nne nitaipita haraka maana ni ya tatu iliyohamishiwa milimani, minara ipo, vituo vipo, ngozi zipo. Kilichoongezeka ni tembo unayempanda, kihelikopta kidogo na kamba ya kupandia miamba, na mtu aliyezaliwa Mbeya akiona ukungu ule na mabonde yale atajisikia nyumbani. Ajay amerudi Kyrat kumwaga majivu ya mama yake, na hiyo sababu ilinigusa kuliko ya Jason, mtu kumrudisha mzazi wake kwao tunaielewa sote. Mwanzoni kabisa mfalme Pagan Min anakuacha mezani anakwambia subiri, watu wote wanatoroka, lakini ukikaa kweli kama robo saa bila kugusa kitu anarudi, anakupeleka kuyaweka yale majivu, na gemu inaisha. Nenda ukajaribu. Inapatikana PS3 pia ila inajitahidi, picha inakwamakwama kwenye vita vikubwa.

Ya tano ya 2018 na ya sita ya 2021 PS3 haziingii, usidanganywe na mtu anayekuuzia diski.

Sasa mambo ya nyumbani kwako, maana ndo yatakayoamua.

Umeme. Kwenye PS3, ya pili unasevu kwenye zile nyumba za kujificha, sio popote, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya misheni umepoteza kila kitu tangu kitanda cha mwisho. Kwenye kompyuta ya pili hiyo hiyo unasevu popote, ndo maana niliimaliza kwenye kompyuta. Ya tatu inajisevu yenyewe kila unapofanya jambo la maana, ukiteka kituo kimeingia, umeme ukate ukirudi unaendelea. Kwa Mafinga kipindi cha mvua mimi ningeiangalia hii kabla ya kitu kingine chochote. Ukicheza ya pili basi jiwekee utaratibu, kabla ya misheni pitia kitandani, baada ya misheni pitia kitandani, hata kama ni mbali.

Mashine. Ukipata laptopu ya zamani, ya kwanza inatembea kwenye RAM (kumbukumbu ya mashine) ya 256 MB, yaani hata ile ya ofisini ya baba mdogo itaibeba. Ya pili inataka GB 1 na kadi ya grafiki ya maana kidogo, ya tatu inataka GB 4.

Pedi mbili. Umenunua mbili, na wa pili ni mdogo wako, najua. Ya tatu ina sehemu ya kucheza wawili kwenye TV moja, skrini inagawanyika, stori yake ni tofauti na ya Jason. Ya kwanza na ya pili mwenzako atakaa anaangalia, na ya pili kwa kuangalia inachosha, muda mwingi ni kuendesha gari.

Watu wa nyumbani. Hizi zote sio za watoto, na ya tatu ina mateso na mambo ya chumbani waziwazi. Sebuleni mama mdogo akiwepo, au wale watoto wa shule ya msingi, usiiweke. Ya pili ina ukatili wa vita lakini haina hayo mengine.

Muda. Kama unapata saa moja baada ya kazi, ya tatu, kituo kimoja umelala. Kama una Jumamosi nzima ya mwezi wa saba, baridi ya kukaa ndani na blanketi mabegani na chai ya maziwa, hiyo ni siku ya ya pili, haitaki haraka, inataka ukae mle mpaka uanze kusikia mlio wa gari kabla hujaliona.

Kwa hiyo nimefunga diski mbili kwenye bahasha ya kaki, ya tatu juu na ya pili chini, nimeandika jina lako na namba ya simu. Nitampa kondakta wa basi la Iringa kesho alfajiri pale stendi kuu, saa nne au tano atakuwa Mafinga, uwepo barabarani mapema maana hawasimami sana. Anza na ya juu. Ukishamaliza ile ya chini nipigie, na uniambie rafiki yako wa kwanza alikuwa nani na ulimpoteza wapi.